Dumuzi hangoji, tupukuchue mahindi mapema

Mahindi yakishafika nyumbani wengi wetu huona kazi imekwisha. Tumelima, tumepalilia, ngedere tumewafukuza. Sasa tupumzike. Lakini mtu anaweza kuvuna magunia kumi, na kabla ya mavuno mengine yuko dukani ananunua unga. Mahindi yake yamekwenda wapi? Hakuibiwa. Yameliwa ndani ya kihenge chake mwenyewe, na aliyeyala ni mdudu wa milimita tatu au nne tu. Mdudu huyo ni dumuzi.

Dumuzi si wa kwetu. Kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Hapa Afrika alitambuliwa kwanza mkoani Tabora, karibu mwaka 1981. Inadhaniwa aliingia ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Wakulima walimwita Skania, kama yale malori makubwa, na jina lilimkaa vizuri. Mwaka 1983 alionekana Kenya, upande wa Taveta. Mwaka 1984 alionekana Togo, mbali kabisa huko Afrika Magharibi. Leo yuko katika nchi nyingi za Afrika.

Kabla yake tulimjua fukusi. Wazee wetu waliweka mahindi na maganda yake, kwenye kihenge au darini juu ya jiko. Hawakuwa wajinga. Ganda lililofunika gunzi vizuri lilimpa fukusi taabu kupita, na moshi wa jikoni ulisaidia. Mahindi yalikaa. Watu walipukuchua kidogo kidogo, ya kula wiki hii, kisha ya wiki ijayo.

Lakini kwa dumuzi desturi hiyo imegeuka. Maganda hayamzuii. Tena punje zikiwa bado kwenye gunzi zimeshikana imara, hazichezi. Hapo dumuzi anapata pa kujikazia, anatoboa punje moja na kuingia ya pili bila kutoka nje. Punje zikiwa zimepukuchuliwa zinateleza teleza, kazi yake inakuwa ngumu na hazai sana. Ndiyo maana tunasema kupukuchua ni silaha ya kwanza.

Hasara yake si ndogo. Watu waliopima mahindi ya magunzi huko Tabora, miaka ya 1980, waliona kuwa kwa miezi mitatu hadi sita dumuzi anaweza kula hadi theluthi moja ya uzito. Yaani katika magunia matatu, moja limekwenda. Makopa ya muhogo anayapenda zaidi. Kwa hiyo mwenye muhogo na auache ardhini, achimbe na kukausha kiasi cha kula kwa muda mfupi.

Hasara nyingine haipimwi kwa mizani. Mkulima akimwogopa dumuzi anauza mahindi yote mara baada ya kuvuna, wakati kila mtu anauza na bei iko chini. Miezi michache baadaye anayanunua yale yale kwa bei kubwa. Huyo naye ameliwa na dumuzi, ingawa kihenge chake ni kitupu!

Je, utamjuaje? Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga wa tembo. Dumuzi hana mkonga. Mwili wake ni kama kijipande cha kijiti cheusi, na ukimtazama kwa juu kichwa hukioni, kimeinama chini. Alama kubwa ni unga. Ukiona unga mwingi umemwagika chini ya kihenge, usiulize sana.

Haya, tufanye nini? Tuvune mapema mara mahindi yanapokauka shambani, maana dumuzi huanza kuingia huko huko. Tuchague magunzi yaliyotobolewa, tuyatenge. Halafu tuanike. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa. Ngoja kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isipoganda, yamekauka.

Kisha tupukuchue yote kwa pamoja. Kazi hii ni nzito, tunajua, na katika nyumba nyingi wanaoachiwa ni akina mama na watoto. Akina baba, kupukuchua hakuna mwenyewe. Kaeni chini.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya unga iliyochanganywa dawa mbili, moja ya kuua fukusi na moja ya kuua dumuzi. Dawa ya fukusi peke yake haimtoshi dumuzi. Wewe sasa unajua kusoma, basi soma karatasi ya pakiti kabla ya kufungua: ni ya kuhifadhia chakula? Muda wake umekwisha? Gunia moja linataka gramu ngapi, na baada ya siku ngapi mahindi yanaweza kuliwa? Kama neno lolote linakupiga chenga, mwulize bwana shamba au bibi shamba. Dawa ya pamba usiitie kamwe kwenye mahindi ya kula. Itaua wadudu na wenye nyumba pia.

Njia ya pili ni mifuko ya kuzuia hewa. Ndani ina mifuko miwili ya plastiki, nje gunia la kawaida. Unajaza, unakamua hewa, unafunga kila mfuko kwa kamba imara. Wadudu waliomo wanaimaliza hewa iliyobaki, wanaacha kula na kufa. Dawa haihitajiki. Bei yake imezidi ya gunia la kawaida, lakini mfuko usiotoboka unatumika tena mwaka ujao. Uangalie vizuri, kwa sababu dumuzi anaweza kutoboa plastiki.

Ghala nalo lisafishwe kabla. Dumuzi anatoboa hata miti, anajificha kwenye nguzo za kihenge cha zamani na kungoja mahindi mapya. Porini pia anaishi kwenye miti mikavu. Mwaka 1992 Kenya ilianza kuachia mdudu mwingine kutoka kwao dumuzi, anayekula mayai na watoto wake. Amesaidia kumpunguza, lakini hakummaliza.

Kwa hiyo usifunge ghala ukasahau. Kama umetumia dawa, kila wiki mbili ingiza mkono katikati ya gunia, utoe punje chache na kuzitazama mwangani. Mkono ukitoka na unga, mwaga gunia lote siku hiyo hiyo, pepeta, anika, tia dawa upya. Kesho watakuwa wengi zaidi.