Saa 72 za Pampu: Namna Maji ya Migodini Yanavyokaguliwa

Katika faili la maji la mgodi wowote nchini Tanzania kuna tarakimu moja ambayo hupatikana kwa gharama ndogo lakini huamua mambo makubwa, nayo ni kiasi cha maji ambacho kisima kirefu kinaweza kutoa kwa saa bila kuishiwa. Tarakimu hiyo hutokana na upimaji wa wingi wa maji, yaani zoezi la kuendesha pampu kisimani kwa muda uliopangwa huku kina cha maji kikipimwa mara kwa mara. Ndiyo inayoingia katika maombi ya kibali, kisha katika hesabu za mtambo wa kuchenjulia madini na hatimaye mezani pa mkopeshaji, ambaye kwa kawaida hulisoma jibu bila kuliona jedwali la vipimo lililolizaa.

Usimamizi wa maji hayo umegawanyika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 imeyaweka maji, ya juu na ya chini ya ardhi, chini ya bodi za mabonde tisa ambazo hutoa vibali vya kuyatumia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, jukumu la kupitia tathmini za athari kwa mazingira. Na Tume ya Madini, iliyozaliwa na marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, husimamia leseni na shughuli za migodi.

Upimaji wenyewe huanza kwa hatua fupi, pampu ikiongezwa kasi kidogo kidogo ili kujua kisima kinahimili kiasi gani, halafu hufuata upimaji wa kasi moja, ambao kwa kazi kubwa huendelea kwa saa 24 hadi 72. Fundi huteremsha waya wenye alama za mita, ambao hulia ncha yake inapogusa maji, akisoma kila dakika mwanzoni na kuachanisha vipimo kadiri muda unavyosogea. Mwenzake hukinga maji kwenye pipa la lita 200, ambalo likijaa kwa sekunde 40 maana yake ni lita 5 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 18 kwa saa. Pampu ikizimwa kazi haijaisha, kwa sababu kasi ya maji kurudi juu ni ushahidi wa namna mwamba unavyojaza pengo lililoachwa. Hapa ndipo kosa dogo huzaa ripoti nzuri isiyo ya kweli: maji yakimwagwa karibu na kisima, badala ya kupelekwa mbali kwa bomba, huweza kupenya ardhini na kurudi kulekule yalikotoka, na kisima kikaonekana hodari kuliko kilivyo.

Hesabu inayotumika kufasiri vipimo hivyo ina asili yake katika kazi ya Mmarekani Charles Theis ya mwaka 1935, ambayo ilichukulia kwamba mwamba wenye maji umeenea pande zote bila ukomo na bila kubadilika. Miamba ya kale ya ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria haifanani na picha hiyo, kwani maji yake hukaa katika tabaka lililooza na katika nyufa za mawe magumu. Kisima kilichobahatika kukata ufa mpana huenda kikatoa maji mengi siku ya kwanza, kisha mstari wa kushuka kwa maji ukainama ghafla pale pampu inapofikia mwisho wa ufa huo, jambo ambalo upimaji wa saa sita haungelionyesha kamwe. Anayepunguza saa za pampu ili kuokoa dizeli huokoa fedha kidogo sana zikilinganishwa na gharama ya kutandaza bomba baadaye hadi ziwani.

Uhifadhi ni upande wa pili wa hesabu hiyohiyo, ingawa mara nyingi huandikwa katika ripoti nyingine. Mgodi hupata maji ya visima, ya mvua na ya shimo lenyewe, na mengi huishia katika bwawa la topesumu, yaani mabaki laini ya mawe yaliyosagwa pamoja na kemikali za uchenjuaji. Kwa hiyo mgodi unaolalamikia uhaba mwezi Septemba unaweza kuelemewa na maji mwezi Aprili. Mwaka 2019 NEMC ilizuia kwa muda matumizi ya bwawa la mgodi wa North Mara kwa sababu ya uvujaji, na tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka, tope likafunika makazi na mashamba, na uzalishaji haukurejea hadi mwaka uliofuata. Kwa mwekezaji, ukuta huo ni mali kama mtambo ulivyo, ila mtambo ukiharibika hautoki nje ya uzio.

Mkaguzi anayesoma ripoti ya pampu peke yake hujua kinachotoka ardhini, naye anayesoma ripoti ya bwawa hujua kinachohifadhiwa juu yake, lakini kiungo cha hizo mbili ni kisima cha uangalizi, ambacho hakitoi maji ya matumizi bali huchimbwa ili kusomwa tu. Kikiwekwa kati ya mgodi na kijiji, siku za upimaji huonyesha iwapo pampu inavuta maji ya majirani, na bwawa likishajengwa kisima hichohicho huonyesha iwapo sianidi au chumvi za salfeti zinasogea kuelekea huko. Sharti lake ni moja, nalo halinunuliki baadaye kwa bei yoyote: sampuli ya kwanza ichukuliwe kabla pampu haijawashwa na kabla tope la kwanza halijamwagwa, vinginevyo kampuni na kijiji watabishana kuhusu maji ambayo hakuna aliyeyapima yalipokuwa safi.