Asilimia 5 ya kazi ni haki, si hisani

Hebu piga picha. Umesota miezi kadhaa ukituma maombi ya kazi, kisha simu inalia: njoo kwa mahojiano Jumatatu, saa tatu asubuhi. Unafika mapema, shati limepigwa pasi likanyooka. Ofisi iko orofa ya nne. Lifti imeharibika. Na wewe unatumia kiti cha magurudumu.

Tangazo lilisema watu wanaoishi na ulemavu wanahimizwa kutuma maombi. Ulituma, ukaitwa, lakini ngazi zimekufungia nje kabla hujaulizwa hata swali moja.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, awe wa umma au wa kibinafsi, kuwatengea angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi.

Mabosi wengine hulia gharama. Gharama gani? Kuhamishia mahojiano orofa ya chini hakuhitaji hata ndururu. NVDA, programu inayomsomea kipofu yaliyo kwenye kompyuta, ni ya bure. Na jijini Nairobi, mkahawa wa Pallet Cafe umeajiri wahudumu viziwi. Wateja huagiza kwa ishara, wanakula, wanalipa, maisha yanaendelea.

Kama unaishi na ulemavu, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) ili utambulike rasmi. Ukiitwa mahojiano, uliza mapema: Lifti iko? Kutakuwa na mkalimani wa lugha ya ishara? Usione haya. Huombi upendeleo, unaomba kusikizwa kama wengine.

Na wewe ambaye tayari uko ndani, usidhani haya hayakuhusu. Kesho ukiingia kazini, hesabu ngazi kutoka langoni hadi kwenye meza yako. Kisha muulize anayesimamia uajiri swali moja tu: mwenzetu wa kiti cha magurudumu angepitia wapi?