Shetani Naye Aliijua Zaburi ya 91

Swali huja kila wiki kwa sura ile ile, iwe baada ya Misa, kwenye kikao cha jumuiya ndogo ndogo au kwa ujumbe wa simu: nisome zaburi ipi? Ipi ya kesi ya shamba, ipi ya mtihani wa KCSE, ipi ya homa ya mtoto, ipi ya mvuvi anayeingia ziwani usiku kuvua omena. Anayeuliza hangoji maelezo. Anataka namba, na mara nyingi namba anayo tayari, yaani 91, pamoja na masharti yake: isomwe mara saba, saa tisa za usiku, kisha Biblia iachwe wazi karibu na mto wa kulalia. Hapa Kombewa na ufuoni kote mwa Seme, kando ya Ziwa Victoria, wanaobebeshwa swali hili ni makatekista na walimu wa Maandiko, na upole tumeshautumia vya kutosha. Jibu ni kwamba hakuna zaburi ya namna hiyo.

Tuanze na namba yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoaminiwa kuwa na nguvu. Zaburi tunayoiita ya 91 kwa hesabu ya Kiebrania ni ya 90 katika Biblia za Kigiriki na Kilatini, ambazo Kanisa lilisali nazo kwa karne nyingi. Kama nguvu imo katika namba, basi wamonaki wa Magharibi walikosea dawa kila usiku. Hawakukosea, kwa sababu hawakuwa wakitafuta dawa. Kanisa bado linaisali zaburi hiyo katika sala ya kufunga siku ya Jumapili, tena kwa moyo wote, na hakuna anayepinga kusaliwa kwake. Kinachopingwa ni kuifanyisha kazi ya hirizi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inasema wazi kwamba kuzipa sala au alama za kisakramenti uwezo kwa sababu tu zimetamkwa au kutendwa, bila kujali moyo wa anayezitenda, ni kutumbukia katika ushirikina. Aliyeacha manyasi, yaani dawa ya mitishamba ya kuondoa chira, laana ya kuvunja mwiko, akaweka zaburi mahali pake amebadili chupa tu. Anachokunywa ni kile kile.

Ushahidi mzito zaidi umo katika masomo ya Misa, na inashangaza jinsi watu wanavyousikia kila baada ya miaka mitatu bila kushtuka. Dominika ya kwanza ya Kwaresima katika Mwaka C, kama ilivyokuwa tarehe 9 Machi 2025, wimbo wa katikati hutoka Zaburi ya 91. Dakika chache baadaye husomwa Injili ya Luka 4:1-13, na humo zaburi hiyo hiyo inatajwa tena, safari hii kinywani mwa shetani. Anamsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, anamwambia ajitupe chini, kisha anamnukulia ahadi ya malaika watakaomshika mikononi. Ameikariri vizuri. Ila anaruka maneno yanayosema ulinzi huo ni wa mtu aliye katika njia zake, na anakoma kabla ya mstari wa 13, ambamo nyoka anakanyagwa. Yesu hamwambii kwamba zaburi ni ya uongo. Anamjibu kwa Kumbukumbu la Torati 6:16: Mungu hajaribiwi. Kwa hiyo swali la kama andiko ni la kweli halikuwa na ubishi pale juu. Ubishi ulikuwa juu ya kazi ambayo andiko linalazimishwa kufanya, na aliyependekeza litumike badala ya akili na wajibu alikuwa shetani.

Sasa tazama ufuo wetu. Mvuvi anayeingia ziwani usiku bila jaketi la kuokolea, katika mashua iliyojaa kupita kiasi, akiwa ameisoma Zaburi ya 91 mara saba, amesimama juu ya kinara kile kile. Mzazi anayemwekea Biblia kifuani mtoto anayechemka kwa malaria, huku hospitali ipo Kombewa, yuko naye hapo juu. Atasema mstari wa 6 unataja tauni. Ni kweli unaitaja, na mstari wa 15 unaahidi kwamba Mungu atakuwa pamoja na mtu wake taabuni, jambo linaloonyesha kwamba taabu itakuwapo. Kama zaburi hii ingekuwa kinga ya kutodhurika, wa kwanza kudanganywa nayo angekuwa Yesu mwenyewe, aliyeijua, aliyemtumaini Baba kuliko sisi sote, na akafa msalabani huku wakuu wa makuhani wakimcheka kwamba Mungu na amwokoe.

Wapo watakaosema haya ni kupunguza imani ya watu wadogo na kuwapeleka kwa madaktari. Hao wafungue Yoshua bin Sira sura ya 38, kitabu kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki na kisichosomwa vya kutosha. Mwandishi anaagiza mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba tabibu na ndiye aliyeotesha dawa ardhini. Kombewa ina sababu ya pekee ya kuisoma sura hiyo kwa fahari. Ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Wazazi waliowapeleka watoto wao kwenye jaribio lile walimtumaini Mungu na wakampa tabibu nafasi yake.

Wengine huleta hoja ya Mtakatifu Augustino: si alifungua ukurasa wa Maandiko tu, bila kuuchagua, mwaka 386 kule Milan, akaongoka? Alifungua. Lakini alikuta Warumi 13:13-14, andiko linaloagiza ulevi na uasherati viachwe, naye akaviacha. Hakuna aliyemwahidi mashua iliyojaa samaki. Alipokuwa askofu alimwandikia mtu aitwaye Januario kwamba desturi ya kutafuta majibu ya shughuli za dunia katika kurasa za Injili haimpendezi, ingawa ni afadhali kuliko kuwaendea pepo. Mwaka 506 Mtaguso wa Agde, katika Ufaransa ya leo, uliagiza wanaopiga ramli kwa Maandiko watengwe na Kanisa. Ugonjwa huu ni wa kale, na jibu lake pia ni la kale.

Kinachofaa basi? Soma masomo ambayo Kanisa limekupangia, kwa mzunguko wa miaka mitatu ulioanza Majilio ya 1969, maana yatakukutanisha na maneno ambayo usingeyachagua. Yasome Alhamisi na jumuiya yako, uyasikie tena Jumapili. Soma sura nzima. Uliza nani anasema, kwa nani, kukiwa na shida gani. Chagua tendo moja la wiki: deni lilipwe, mgonjwa atembelewe. Mtoto akipata homa, hospitali kwanza, sala njiani. Mgonjwa akizidiwa, aitwe padre kwa Mpako wa Wagonjwa, kama Yakobo 5:14 inavyoelekeza. Mpako huo hauuzwi, na anayekuuzia mafuta ya upako kwa M-Pesa ni mchuuzi. Mvuvi avae jaketi, kisha asali Zaburi ya 91 kwa sauti. Na wenye kesi ya shamba wanaonong'ona kuhusu Zaburi ya 109, ile ya laana, wajue kwamba Liturujia ya Vipindi iliyotoka 1971 iliiacha kabisa, pamoja na ya 58 na ya 83, kwa ugumu wa laana zake. Kesi hiyo ipelekwe kwa wazee, kwa chifu au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hati zikiwa mkononi, na jirani aombewe mema kwa jina lake, kama Mathayo 5:44 inavyodai.