Rangi ya udongo si kipimo cha uimara wa msingi Voi

UDONGO mwekundu umetapakaa Voi hadi mbuga ya Tsavo, na ni rahisi mjenzi kudhani kuwa wekundu huo ni ishara ya ardhi imara. La hasha! Rangi hiyo hutokana na kutu ya madini ya chuma. Uimara hutegemea zaidi ukubwa wa chembe.

Wahandisi huukausha udongo na kuupitisha katika chekeche. Chembe zinazozidi milimita 2 ni changarawe. Kuanzia hapo hadi milimita 0.06 ni mchanga. Zilizo ndogo zaidi ni tope laini, na zisizofika milimita 0.002 ni mfinyanzi.

Changarawe na mchanga uliochanganyika vyema hushindilika na kupitisha maji upesi. Mfinyanzi, kinyume chake, huweza kufura wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kuta zikapata nyufa.

Kabla ya kuchimba msingi, hasa kandokando ya Mto Voi ambako maji huleta udongo wa kila aina, fundi huweza kuloanisha donge la udongo na kuliviringisha. Likifanyika uzi mwembamba bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, na ni heri kumwita mhandisi mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.