Kumwagilia nyasi za nyumbani Perth: siku mbili kwa wiki zatosha

Joto la kiangazi linapopanda mjini Perth, nyasi za uani huanza kufifia, na wakazi wengi hukimbilia kufungua vinyunyizio kila jioni. Kanuni za Australia Magharibi haziruhusu hilo, na nyasi zenyewe hazilihitaji.

Kila nyumba imepangiwa siku mbili kwa wiki, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Katika siku hizo, vinyunyizio hufunguliwa mara moja tu, kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 12 jioni. Kuanzia Juni 1 hadi Agosti 31 havifunguliwi kabisa. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya dola 100. Kumwagilia kwa mpira ulioshikwa mkononi kunaruhusiwa siku yoyote.

Sababu ni uhaba wa maji. Mvua zimepungua, na mji sasa hutegemea zaidi maji ya ardhini na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi.

Nyasi zinazopewa maji kidogo kila siku huacha mizizi juu juu, na jua kali huzikausha upesi. Zikinyweshwa vizuri kisha zikaachwa siku kadhaa, mizizi huyafuata maji chini. Ndivyo ilivyo kwa Kikuyu, nyasi maarufu Australia zenye asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki.

Shirika la maji la jimbo, Water Corporation, hupendekeza milimita 10 kila siku ya zamu. Kupima ni rahisi: panga makopo matupu yenye kuta zilizonyooka sehemu mbalimbali za uwanja, fungua vinyunyizio kwa dakika 10, kisha pima kina kwa rula. Kikiwa milimita 5, dakika 20 zatosha. Udongo wa Perth ni mchanga. Maji ya ziada hupita mizizi na kupotea. Maji yakitiririka juu bila kuzama, maduka ya bustani huuza dawa ya kuusaidia udongo kuyanyonya.

Wapangaji wengi hulipia maji wanayotumia, na mikataba mingi huwataka watunze bustani. Kwa hiyo anayehamia nyumba mpya hana budi kukagua mapema kifaa cha kuwashia vinyunyizio: huenda bado kinafuata siku na saa zilizowekwa na aliyemtangulia.