Mama mtakatifu wa Anor Londo: mshale mmoja tu na jua la jiji zima linazimika

Kama umezoea FIFA pekee pale kwa PS ya mtaa, Dark Souls ni stori tofauti kabisa. Hii gemu ya FromSoftware kutoka Japani ilitoka 2011, na wengi wanaijua kwa kuua mchezaji bila huruma. Lakini wasee bado hubishana kuhusu mtu mmoja: Gwynevere. (Onyo: kama bado unaicheza, ishia hapo.)

Iko hivi. Ukishamaliza Sen's Fortress, ile ngome ya mitego, unabebwa na viumbe wenye mabawa hadi Anor Londo, jiji la miungu. Manze, jua la jioni limepiga kila mnara, kila ukuta ni dhahabu tupu. Ila tembea kidogo ucheki: hakuna raia hata mmoja. Ni walinzi tu. Wanalinda nini?

Wanamlinda Gwynevere, binti ya mfalme Gwyn. Kumfikia lazima uwaangushe Ornstein na Smough, na hao wawili wamefanya watu wavunje pad. Ndani unampata amejilaza, mkubwa kama nyumba, sauti ya upole. Anakupa Lordvessel na kukuomba umrithi babake. Unaweza hata kuapa kuwa mlinzi wake.

Sasa mpige mshale mmoja. Anayeyuka. Jua linaenda naye, jiji linabaki giza.

Gwynevere wa ukweli alihama kitambo na miungu wengine, akaolewa na Flann, mungu wa moto. Huyo uliyepigia magoti, pamoja na hilo jua, ni kiini macho cha Gwyndolin, kitinda mimba wa Gwyn, aliyebaki akichunga kaburi la baba.

Na hapa ndio mimi huona noma. Kumrithi Gwyn si kukalia kiti. Ni kujichoma uwe kuni za ule moto wa kwanza ndio enzi ya miungu isiishe. Yaani unatumwa ukafe, na anayekutuma ametumia sura ya mtu ambaye hata hakubaki. Bado simchukii Gwyndolin. Wote walitoroka, yeye akaachiwa nyumba.

Ukiamua kurusha huo mshale, jipange kwanza. Yule mwanamke anayetunza moto pale chini, aliyekuwa anakusalimia poa, atakukujia na upanga. Ukimuua, moto wake pia unazimika.