Je, Wajua? Ndege ya mfano na hewa nyepesi ya Babati

Ukikuza mchoro wa ndege ya mfano mara mbili kwa kila kipimo, eneo la bawa huongezeka mara nne, lakini uzito huelekea kupanda mara nane. Ndiyo maana ndege kubwa ya kuongozwa kwa redio haijengwi kwa kukuza tu mchoro wa ndogo. Mbavu za bawa hutobolewa matundu, na mbao inayopendwa ni balsa, nyepesi kuliko mbao nyingi zinazouzwa madukani.

Babati huongeza kazi. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takribani asilimia 12 kuliko ya Tanga. Ndege ileile lazima ikimbie zaidi kabla ya kuinuka, huku propela ikisukuma hewa haba. Jua la mchana huzidisha tatizo.

Kabla ya kurusha, fundi huinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo ya upana wa bawa kutoka mbele. Mkia ukishuka, risasi kidogo huongezwa puani.

Mwaka 1937, pacha Walter na William Good wa Marekani walirusha Guff, ndege ya mfano ya kuongozwa kwa redio yenye mabawa ya mita 2.4 hivi. Mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ya Wingcopter ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe: kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40.